Chumba cha Kumi na Tisa

Jumamosi, 5 Oktoba

Daftari hili nililinunua la majaribio ya fizikia ya Fomu Tatu. Fomu Tatu wamenishinda, kwa hivyo kuanzia leo nitaandika majaribio ya nyumbani.

Mvua ya kwanza imenyesha Kiirua asubuhi. Baba akatoka nje, akasimama chini ya mchirizi mpaka bega likalowa, halafu akarudi akaniambia, "Makandi, toa treni."

Treni hiyo haijaguswa miaka miwili, tangu Mama afe. Dada yangu Kiende aliituma kutoka Hamburg Baba alipostaafu kuendesha treni zenyewe. Zilikuja injini mbili ndogo, urefu wa kiganja na nusu. Moja, namba 46, ni ya Baba. Ya pili, 47, aliichukua Mbogo wa Ishiara, aliyekuwa msaidizi wake kwa injini miaka ishirini na mitatu. Reli zimepigiliwa kwenye mbao mbili katika stoo ya viazi.

Nikafuta vumbi, nikaweka 46 relini, nikashika rimoti. Taa zikawaka. Nikabonyeza honi, ikalia mpaka kuku wakatawanyika. Nikazungusha kifundo cha mwendo. Haikusogea hata unywele.

"Jaribu tena," Baba akasema.

Nilijaribu mpaka saa sita.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Stima imepotea. Nimesahihisha mitihani nikiwa nimekasirika, na maksi zinaonyesha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeanza na uchafu, maana uchafu ndio huanza. Nimesugua reli na magurudumu kwa spiriti. Hakuna. Nimefungua bodi, nikachomoa dekoda, nikaipa mota umeme wa betri peke yake. Ikazunguka vizuri kabisa. Kwa hivyo mota ni nzima, na tatizo ni la dekoda.

Dekoda ni kibao kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kimejificha tumboni mwa injini. Ndicho husikiliza amri za rimoti. Ndani yake kuna kitu kama vyumba, kila chumba kina namba yake, na katika kila chumba mtu huweka namba nyingine. Chumba cha kwanza huweka jina la injini, cha tatu huamua itaanza kwa upole kiasi gani, cha nne itasimama vipi. Ukikosea chumba kimoja, injini inakuwa na tabia ya mtu mwingine.

Baba anakaa pembeni na kuniongoza, na ana tabia moja ambayo itanitoa roho. Kila akisema kitu, lazima nirudie.

"Washa rimoti."

"Sawa."

"Si sawa. Sema: washa rimoti."

"Baba, si nimesikia."

"Kwa reli, dereva akiona signali anasema, na msaidizi anarudia. Asiporudia, hujasema kitu. Watu wamekufa kwa hiyo sawa yako."

Nikarudia. Nina miaka thelathini na tisa na digrii, na nilisimama stooni nikisema "washa rimoti" kama mtoto wa chekechea.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani Baba ameimba wimbo wote bila kitabu. Nilidhani ni ibada. Kumbe haoni maandishi tena.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kuna kipande kifupi cha reli kimetengwa na nyingine, ambacho unaweka injini unapotaka kusoma vyumba vyake. Unauliza, na injini hujibu kwa kutikisa mota kidogo sana. Leo nimeuliza mara kumi na moja na rimoti ikanijibu mara kumi na moja kwamba hakuna jibu. Nikaanza kuichukia. Mwishowe nikainama chini ya mbao na kukuta panya wameguguna waya. Nikaunga upya.

Nikauliza chumba cha kwanza. Injini ikatetemeka na rimoti ikaandika 46. Jina ni sawa. Basi inasikia jina lake, inawasha taa ikiitwa, inalia honi ikiitwa, na haiendi. Huo ni ukaidi wa kibinadamu kabisa.

"Baba, vyumba vingine mliweka nini?"

"Mimi nilikuwa dereva. Namba zilikuwa za Mbogo."

Sijasikia jina hilo likitoka kinywani mwake tangu mazishi. Mbogo hakuja kumzika Mama. Watu walikuja kutoka hata Mombasa. Yeye hapo Ishiara tu hakuja, wala hakupiga simu, wala hakutuma mtu. Nakumbuka Baba pale kaburini, anageuza kichwa kila gari likisimama langoni. Mimi mtu wa namna hiyo simsamehe, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua usiku kucha. Baba amemimina chai pembeni mwa kikombe. Akapangusa haraka kabla sijaona, na mimi nikajifanya sijaona.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kliniki ya macho, Meru. Ni presha ya macho, ile tunayoijua, lakini sasa daktari amesema bila kuzunguka: jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linaona kama kupitia bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Dawa hupunguza kasi, hairudishi kilichopotea. Baba akauliza ana muda gani. Daktari akasema hawezi kutaja tarehe, ila kama kuna kitu angependa kukiona, asikiahirishe.

Nilitarajia Baba aseme anataka kwenda Hamburg kuwaona wajukuu. Tulipotoka akaniambia, "Hiyo treni iende."

Nikapita Makutano kwa Mugendi, fundi wa simu, nikamweleza dalili. Hata hakuinua kichwa.

"Ticha, hiyo ni ya kuriset tu. Unaandika nane kwa chumba cha nane, inasahau kila kitu, inakuwa kama imetoka kwa boksi."

Jumapili, 27 Oktoba

Baba amekataa. Nimemwambia mara tatu, amekataa mara tatu.

"Unajua tulikaa na hiyo injini mwaka mzima?" akasema. "Mimi nasikiliza, Mbogo anaweka. Inavyoanza pole pole, inavyovuta mabehewa ishirini kwenye mlima, inavyopumua ikifika juu. Namba zote ni yeye aliandika kwa kitabu chake. Ukiriset, itakuwa ni toi."

"Lakini sasa haiendi kabisa."

"Ni afadhali."

Ni afadhali! Mtu anapofuka na anajadili mwendo wa mlimani.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimefanya jambo baya na nitaliandika jinsi lilivyokuwa.

Baba alikwenda kanisani kwa mkutano wa wazee. Shule imefungwa, mvua inapiga mabati, nimekaa stooni nikaitazama ile injini inavyowasha taa na kukaa tu. Hasira ikanipanda. Nikajiambia nitaiamsha, Baba akirudi ataiona inazunguka, na furaha itafuta maneno. Nikaandika nane katika chumba cha nane.

Haikuitika tena kwa 46. Nikaiita kwa tatu, jina ambalo injini zote hutoka nalo kiwandani. Ikaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji, ikafika kwenye kona bila kupunguza, ikaanguka ubavu.

Nilikuwa nairudisha relini Baba alipoingia na koti lake la mvua. Sikumsikia. "Inaenda," nikamwambia, na sauti yangu mwenyewe niliijua ni ya uongo. Nikazungusha kifundo. Injini ikachomoka.

Baba hakuikodolea macho. Aliinamisha kichwa akasikiliza mzunguko mmoja mzima, halafu akanyoosha mkono, akapapasa ukuta mpaka akapata swichi, akazima.

"Hiyo si 46," akasema, akatoka.

Jumapili, 3 Novemba

Hajaniongelesha.

Jumanne, 5 Novemba

Ameniongelesha. Ameuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Nimemwambia nitakwenda Ishiara kuchukua kile kitabu. Akasema, "Usiseme nimekutuma."

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeondoka Kiirua na sweta mbili na kufika Ishiara nikiwa nimezibeba mkononi. Soko limejaa magunia ya ndengu. Mwanamke aliyekuwa akipima ndengu alijua kwa Mbogo, akanionyesha njia kwa kidevu.

Njia yote nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka nimwambie kwanza jinsi Baba alivyosimama kaburini, halafu nidai kitabu, nirudi.

Nilimkuta akipepeta ndengu uani na mkewe, Gladys. Amekonda, na nywele zote zimekuwa nyeupe. Aliponiona aliweka ungo chini, akanitazama, akasema, "Huyu ni wa Nelius." Mama ndiye aliitwa Nelius. Maneno yangu niliyoyapanga yakapotea yote.

Gladys aliniletea uji. Mbogo akauliza hali ya Kaimenyi, yaani Baba, nikamwambia kuhusu macho. Akauliza jicho gani, tangu lini, dawa gani. Nikamweleza injini, taa, honi, na nilichofanya na chumba cha nane. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu na hataki kusema.

"Mwari, hiyo ilikuwa ni chumba moja tu. Kumi na tisa."

Akanieleza. Mara ya mwisho walipokuwa pamoja, mwezi wa Septemba kabla Mama hajafa, waliunganisha 46 na 47 zivute mabehewa pamoja. Ukitaka injini mbili zitembee kama moja, unaandika namba ileile katika chumba cha kumi na tisa cha kila moja. Wao waliandika kumi na mbili. Kuanzia hapo, kila injini itawasha taa ukiiita kwa jina lake, lakini kutembea haitembei mpaka amri ije kwa hiyo namba yao ya pamoja. Waliacha hivyo kwa sababu mwezi uliofuata wangekutana tena.

"Ungeweka sufuri tu hapo," akasema. "Ingeenda."

"Na yako?"

"Iko hapo kwa kabati. Haiendi. Ningeitoa hiyo namba hata kesho. Sikutaka."

Nikaona hasira yangu inapata pa kushika. Nikamwambia, kama hukutaka, mbona hukuja kumzika Mama?

Gladys akaacha kupepeta. Mbogo akatoa simu mfukoni, akaitazama kama ndiyo iliyoulizwa. Kabambe, ya vitufe, ina tochi kichwani, imefungwa mpira.

"Nani aliniambia?" akasema. "Nilisikia wiki tatu baada ya mazishi, hapo sokoni, kwa mtu wa kununua ndengu. Nikasema, Kaimenyi amezika bibi yake na hataki niko. Nikauliza Gladys, nimemkosea nini? Mpaka leo namuuliza."

Nilitazama ile simu. Nikamuuliza, na nilikuwa najua jibu kabla ya kuuliza, "Anko, uko na wasap?"

"Ya nini? Hii ni ya kupiga na kupokea."

Asubuhi Mama alipokufa, Baba aliniambia, "Mwambie Mbogo kwanza." Nilikuwa na simu mkononi, watu wananipigia, kamati inataka majina. Nikaandika tangazo katika grupu ya wastaafu wa reli. Watu thelathini na moja wakajibu pole. Sikuangalia ni nani na nani. Na Baba aliponiuliza jioni, "Umemwambia Mbogo?" nikajibu, "Nimemwambia."

Haya yote sikumwambia Mbogo pale uani. Nilishukuru kwa uji. Nilipoomba kitabu, akasema kwa upole kabisa kwamba hakibebwi na mtu mwingine. "Msaidizi hapandi injini hajaitwa na dereva. Akiniita mwenyewe, nitakuja nacho."

Nililia kutoka Ishiara mpaka karibu Meru, nimegeuzia dirisha uso.

Jumapili, 10 Novemba

Baba ameuliza kama nimepata kitabu. Nimesema Mbogo anataka aitwe. Ameguna.

Jumatatu, 11 Novemba

Sijamwambia.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua kubwa. Viazi vya bondeni vimefunikwa na maji. Sijamwambia.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimemwambia.

Alikuwa amekaa mlangoni akichagua mbegu za viazi kwa kupapasa macho ya kila kiazi, zenye chipukizi kulia, zilizooza kushoto. Nilikaa kwenye gunia mbele yake ili anione kwa ule upande unaoona. Nikamwambia kila kitu: grupu, kabambe, mtu wa ndengu, wiki tatu. Nikamwambia kwamba nilipojibu "nimemwambia" sikuwa nimeongea na Mbogo hata neno moja. Nilitaka kusema kwamba na mimi nilikuwa nimefiwa, na ni kweli, lakini sikusema kwa sababu yeye ndiye aliyefiwa na mke na akanituma kitu kimoja.

Mkono wake ukasimama juu ya viazi.

"Alirudia?" akauliza.

"Hapana, Baba."

"Na wewe ukaniambia amesikia."

"Ndio."

"Miaka miwili nimemtukana mtu moyoni. Kila siku nikiomba, nikifika kwa kusamehe wengine, namruka Mbogo." Akachukua kiazi, akakipapasa, akakiweka kushoto, na hakikuwa kimeoza.

Jumamosi, 16 Novemba

Anakula. Haongei.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua imepumzika. Yeye bado.

Alhamisi, 21 Novemba

Leo nimempeleka mpaka choo cha nje kwa sababu ya matope. Amenishika mkono. Sijui kama ni kwa kupenda ama ni kwa matope.

Jumamosi, 23 Novemba

Baada ya chai Baba akasema, "Piga hiyo namba ya Mbogo. Halafu unipatie."

Nikampigia, nikaweka simu kwenye kiganja chake. Nilitaka kutoka, akanionyesha kwa mkono nikae. Sauti ya simu ni ya juu siku hizi kwa sababu ya masikio ya wote wawili, kwa hivyo nilisikia kila neno.

"Mbogo."

"Kaimenyi."

Nilifikiri Baba ataomba msamaha, au ataanza na habari za mvua jinsi wazee huanza. Baba alikaa wima kwenye kiti, akasema kwa sauti ile aliyokuwa nayo kazini, taratibu na bila kutetemeka:

"Mbogo, Nelius amefariki."

Kisha Mbogo akajibu, na sauti yake ndiyo iliyotetemeka:

"Nelius amefariki."

"Ni hiyo," Baba akasema. "Njoo."

"Nakuja."

Baba akanirudishia simu. Uso ulikuwa umelowa na hakuupangusa. Nilitoka nje nikasimama chini ya mchirizi, na hakukuwa na mvua.

Jumanne, 26 Novemba

Baba ameniamrisha kusugua reli zote kwa spiriti, mara mbili. Amerudi kwa utu wake wa zamani. Ananikasirisha na nimefurahi.

Jumamosi, 30 Novemba

Mbogo na Gladys wamefika saa nne, na debe la ndengu, na 47 ndani ya boksi la viatu lililofungwa kwa kamba. Kwanza walikwenda kaburini. Baba alitangulia bila fimbo, njia anaijua. Mbogo alivua kofia, akaongea na Mama kwa Kimbeere kwa muda, na hatukumwuliza alimwambia nini. Gladys akang'oa magugu pembeni.

Halafu stooni. Kitabu cha Mbogo ni daftari la kawaida, limefunikwa kwa gazeti. Ndani kuna namba na maelezo kwa mwandiko wa penseli: "K. anasema bado inashtuka." "K. anasema sasa inapumua." Niliweka 46 kwenye kile kipande cha kusomea. Mbogo akasimama na kitabu, Baba akashika rimoti, maana vitufe anavijua kwa kidole.

"Chumba cha kwanza, arobaini na sita."

"Chumba cha kwanza, arobaini na sita."

"Cha tatu, ishirini na nane."

"Cha tatu, ishirini na nane."

Ilichukua saa nzima. Gladys alinong'ona kwamba ni kama litania ya Wakatoliki, nikacheka mpaka Baba akaninyamazisha. Walipofika kumi na tisa Mbogo akafunga kitabu.

"Kumi na tisa, Kaimenyi. Sufuri ama kumi na mbili?"

"Unaniuliza nini? Kumi na mbili."

"Kumi na mbili," Mbogo akarudia, na akageuka kuangalia dirisha kidogo.

Nikaweka injini zote mbili relini na mabehewa ishirini nyuma. Baba akaita kumi na mbili, akazungusha kifundo. Magurudumu yakazunguka, mota zikalalamika, na treni ikabaki palepale. Mbogo akainama kutazama. Baba wala hakuinama.

"Zinavutana," akasema. "Nani ameweka 47?"

"Mimi."

"Umeiangalisha nyuma. Geuza."

"Nigeuze 47," nikasema. Nikaigeuza.

Safari hii zilianza kwa upole hata sikujua zimeanza. Behewa la kwanza likasogea, la pili, kamba nzima ikajinyoosha. Baba alikuwa ameleta kiti mpaka kwenye kona, ameweka jicho la kushoto karibu na reli, mahali ambapo bomba lake linafika. Treni ikapanda ule mlima wa mbao na maranda. Karibu na kilele ikashuka sauti, ikavuta, ikapumua. Sikuwa nimewahi kuisikia. Nilikuwa naishi nayo nyumba moja na sikuwa nimewahi kuisikiliza.

"Njia nyeupe," Baba akasema, kama dereva aliyeona signali ya kupita.

"Njia nyeupe," Mbogo akasema.

Ilizunguka mara thelathini, hamsini, sikuhesabu. Ilipopita mbele ya jicho lake, kila mara, aliifuata kwa kichwa mpaka inapotea upande wa giza, kisha akaisubiri tena upande wa pili. Mvua ikaanza juu ya mabati, na Gladys akaenda kuangalia ndengu jikoni.

"Makandi," Baba akaita, bila kuondoa jicho relini.

"Naam, Baba."

"Nimekusamehe."

Nikaitikia kwa kichwa, nikiwa nimesahau kwamba nimesimama upande asioona. Treni ikapita. Akapunguza kifundo pole pole mpaka injini zikasimama mbele yake, taa zinawaka.

"Sijasikia," akasema.

"Umenisamehe, Baba."

"Haya," akasema, na akaziendesha tena.